Mishono Nje

Kamituga, tarehe 21 Januari 2024

Kwa mdogo wangu Nsimire,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi huku tunaamka, namshukuru Mungu. Mke wangu Martine, ule mguu wake umepungua uvimbe na ameanza tena kwenda misa. Watoto wamerudi shuleni baada ya Noeli, isipokuwa Merveille ambaye alifukuzwa kwa utundu. Nimeongea naye kwa fimbo, sasa amerudi. Mvua imeharibu barabara vibaya. Mimi nimechaguliwa tena kuongoza shirika letu la mtaa, kazi ni nyingi na Wakristo wa siku hizi ni wagumu. Natumaini wewe ni mzima. Kama bado unasali, hilo siulizi.

Nakuandikia kwa sababu moja. Binti yangu Ornella ameposwa, na najua unajua, maana analala kwako. Kijana anaitwa Héritier, ni mwalimu, baba yake ni Papa Jacques wa kule Kabare. Ni watu wa kanisa, watu wenye jina. Watakuja kutoa ng'ombe nyumbani kwa marehemu baba yetu, Nyantende, wakati wa kiangazi.

Sasa nisikilize bila kupiga kelele. Siku hiyo wewe hutakuja. Nimeshapanga kwamba binti wa baba mdogo, Georgette, ndiye atakayesimama kama shangazi. Yeye ni mama wa heshima, ana ndoa yake, watu wanamjua. Wewe pia watu wanakujua, ndiyo shida yenyewe. Tena kile kibao mlichopigilia mbele ya nyumba huko Cimpunda, kile cha TUKO BATU, eti na nyinyi ni watu, kitolewe kabla wakwe hawajapata mtu wa kuwaonyesha. Wanawake wale watafute mahali pengine pa kukutania. Nyumba ile aliijenga baba kwa kuponda mawe, hakuijengea malaya.

Siandiki kwa hasira. Naandika kama mkubwa wa familia.

Kaka yako,
Philémon Mushagalusa

* * *

Cimpunda, tarehe 11 Februari 2024

Yaya Philémon,

Salamu zako zimefika zimechoka, kaka yangu, Guy dereva anasema lori lake lilikaa kwenye matope hadi akaanza kufahamiana na vyura. Nashukuru kwamba mguu wa Martine unapona. Mpe pole Merveille, mwambie shangazi yake naye alikuwa anafukuzwa shule kwa utundu. Hapa mvua imebomoa ukuta wa jirani na matope yameingia hadi jikoni kwetu, tumeyatoa kwa mabeseni. Ornella anafanya kazi zamu za usiku pale hospitali, anarudi asubuhi macho mekundu, anakula, analala kama gogo. Ni mwuguzi kamili sasa. Nakuambia kwa sababu hukuuliza.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa namba yangu umeifunga katika simu yako. Vizuri. Kwenye simu ungekata. Barua ukiichana utakuwa umeshasoma mstari wa kwanza, na tabia yako naijua, utaokota vipande.

Kwetu msichana hatoki chumbani mpaka shangazi yake amfuate, amshike mkono, amlete mbele ya wakwe. Shangazi ni dada wa baba. Baba yetu alizaa wangapi? Alituzaa wewe na mimi. Sasa unakwenda kuazima shangazi kama mtu anayeazima viti vya kilio. Georgette simchukii, masikini, lakini muulize Ornella alianza kutembea lini, muulize aliugua surua mwaka gani, alilia nini siku ya kwanza ya shule. Atakuambia ngoja nimuulize Nsimire.

Na kuna neno umeliruka kama mtu anayeruka mfereji. Siku ya ng'ombe, wakwe wanaleta mbuzi ya shangazi, na wanaleta kitenge cha mama. Mbuzi yangu umempa Georgette. Kitenge cha mama atapokea nani, yaya? Wewe ndiye utasimama pale na kusema, huyu binti ni mtoto wangu mimi na wa fulani, binti wa fulani. Utamtaja nani?

Hilo ndilo ninalotaka unijibu. Kibao hakitoki. Nyumba ya baba ni yangu pia, na hao unaowaita malaya ndio waliotoa yale matope jikoni.

Nsimire

* * *

Kamituga, tarehe 9 Machi 2024

Nsimire,

Salamu. Hapa tuko salama. Martine anakusalimu. Hapana, nimeandika uongo. Hakusalimu, ila nimeona ni adabu kuandika hivyo. Shimo moja la dhahabu limeanguka juma lililopita upande wa mto, Mungu alisaidia hakuna aliyekuwa ndani. Tuko kwenye Kwaresima, nafunga, kwa hiyo sitakujibu matusi kwa matusi.

Wakwe nimeshawaambia kwamba mama yake Ornella alifariki wakati wa kujifungua. Ni jibu safi, halina maswali nyuma yake. Kitenge atapokea Martine, yeye ndiye mke wangu wa kanisani. Mambo ya kutaja binti wa fulani na wa fulani, tutayapitisha haraka haraka.

Usinifundishe mila. Wewe uliyekaa barabarani na kikundi cha wanawake wasio na haya, mkapiga kelele kwenye polisi, mkapiga kelele kwenye hospitali, mkatembea mbele ya dunia nzima siku ya wanawake mmevaa nguo ndani nje kama vichaa, leo unataka kumshika mkono binti yangu? Haki! Kila mara ni haki, haki. Haki ya kufanya dhambi ilianzia wapi? Mtaa wa Cimpunda ulikuwa mtaa wa watu wanaojiheshimu. Nyinyi mmeandika aibu kwenye ubao na kuipigilia misumari.

Mtoto hajui lolote, na hana haja ya kujua. Ukimwambia, utanijua mimi ni nani.

Kaka yako, bado,
Philémon

* * *

Cimpunda, tarehe 24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Yaya Philémon,

Nimetoka misa. Ndiyo, nasali, tena nakaa mbele, hapo wanaponiona wote. Tuko wazima. Matope yamekauka. Ornella amenunua viatu vya harusi vinavyombana na hataki kukubali kwamba vinambana, katika hilo amekufuata wewe.

Umeuliza haki ilianzia wapi. Ninajua ilipoanzia. Ilianzia kwenye benchi.

Mapendo hakufa akijifungua. Unajua vizuri, lakini nitakuandikia, kwa sababu mimi nilikuwepo na wewe hukuwepo. Ulikuwa umeishi naye hapa hapa Cimpunda, katika chumba kile cha nyuma. Ulimwacha na mtoto mchanga ukasema unakwenda Kamituga kutafuta, utarudi Pasaka. Pasaka zilipita. Alifua nguo za watu, akauza makaa, akapanda na kushuka mlima huu na mtoto mgongoni. Halafu akaanza ile kazi, na mimi pia nikaianza, kwa kuwa tulikuwa tunalala chumba kimoja na njaa ilikuwa moja. Kama bado naifanya au niliacha, hilo halikuhusu.

Usiku wa msako, polisi walituokota kumi na kitu. Poste ile ya polisi haipo tena, walishaivunja. Wenzetu wengine walikuja kutolewa na ndugu zao. Mapendo alikuwa anatoka damu, mimba ilikuwa inaharibika. Alikaa kwenye kasho ile, chumba cha mahabusu, na damu yake siku mbili. Walipomwachia tulimbeba hadi kituo cha afya, na mwuguzi mmoja, mama mwenye rozari shingoni, akamtazama nguo, akatutazama sisi, akasema mbele ya watu: "Huyu atangoja. Bale ba mama ba bwana baishe kwanza." Tukangoja hao wake za watu wamalize. Walipita wenye kikohozi, akapita mwenye jino. Mapendo alikuwa ameegemea bega langu, nikadhani amesinzia.

Ukapelekewa habari. Ukajibu nini? Ulimwambia aliyetumwa, "Huyo mutu simujue." Hayo maneno yalifika Cimpunda kabla hata hatujapata mbao za sanduku.

Katekista alisema hawezi kusali mpaka aje mwanaume wa kumsemea marehemu. Hakuja. Kwa hiyo tulimsemea wenyewe, na tukambeba wenyewe. Unakijua kile kijia cha kupanda juu, jinsi kilivyo wakati wa mvua. Wanawake sita na sanduku. Watu walitoka milangoni kututazama, maana mwanamke habebi sanduku, na mtu mmoja akatutupia ganda la ndizi. Ornella nilimfunga mgongoni, alikuwa na miaka minne, alikuwa anauliza mama yuko wapi na mama alikuwa mbele yake.

Baada ya kilio hatukuachana. Tulirudi kwenye benchi lile. Kila juma tulikwenda kukaa pale, wazima, bila hata mafua. Wakituambia mungoje mwisho, tulikaa wote hadi jioni tunaimba nyimbo za Bikira Maria. Walituita mashetani. Mwishowe akaja mkubwa mpya wa kituo, akachoka na nyimbo, akatoa amri kwamba aliyetangulia kufika atangulie kutibiwa. Ni jambo dogo, sivyo? Martine wako akiumwa mguu anaona ni kawaida.

Halafu tukaenda polisi. Unajua mfungwa hali asipoletewa chakula na familia. Wakimkamata mmoja wetu, sisi tulikwenda wote na mabrasero ya makaa na sufuria, tukawasha moto mbele ya poste na kusonga bugali. Komanda akitoka na kuuliza, "Familia yake iko nani?" tunajibu, "Ni siye." Watoto wa mtaa wakawa wanapita na kucheka, tukawapa nao chakula. Polisi hawapendi kuchekwa. Msako ukapungua.

Na zile nguo za 8 Mars, siku ya wanawake. Mwaka ule tulinunua kitenge kilekile cha wanawake wote wa mji, tukashona vizuri, na kolari shingoni. Tulipofika kwenye mstari, mama mmoja wa kamati akatuambia tutoke, tunawachafulia kitenge. Nilisema, kama tunakichafua upande huu, tutakivaa upande ule. Tukaingia kwenye uwanja wa muuza mandazi, tukazigeuza nguo, mishono nje, nyuzi nje, tukatembea mwisho kabisa nyuma ya wafagiaji. Tuliogopa, nikuambie ukweli. Tangu siku hiyo, kila mwenzetu akizikwa, akishitakiwa, akizalishwa na watu wakimcheka, tunavaa mishono nje, na Kadutu yote, mtaa kwa mtaa, inajua sisi ni akina nani.

Ndiyo aibu niliyoipigilia misumari. Sasa andika jina la mama yake Ornella. Andika tu, kwenye karatasi, mahali ambapo hakuna mkwe anayeona. Nataka nione kama mkono wako unaweza.

Nsimire

* * *

Cimpunda, tarehe 19 Mei 2024

Yaya Philémon,

Salamu. Tuko wazima. Guy anaapa kwamba barua ya Matawi alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma umesimama, ukaenda kukaa, ukaisoma tena. Huo ni mwezi wa pili sasa. Hakuna jibu.

Ornella ananiuliza sherehe ni tarehe ngapi. Baba yake hajamwambia, kwa kuwa analala nyumba moja na mimi, anaogopa nitaisikia ukutani. Hata nguo hajui ashone lini.

Nsimire

* * *

Kamituga, tarehe 2 Juni 2024

Nsimire,

Hapa wote wazima. Merveille amekuwa wa tano darasani. Kiangazi kimeanza, vumbi ni jingi, Martine anakohoa. Bei ya sukari imepanda.

Ornella ataarifiwa na Georgette atakayekuja kumchukua. Nguo imeshashonwa huku na fundi wa Martine, hana haja ya kushona.

Usije.

P. Mushagalusa

* * *

Nyantende, tarehe 21 Julai 2024

Nsimire,

Sikusalimu. Sina nguvu ya kusalimu. Nimekaa hapa Nyantende tangu Jumamosi ile ya tarehe kumi na tatu, siwezi kurudi Kamituga, nitaeleza sababu.

Wakwe walifika vizuri. Papa Jacques na wazee wake, mkewe Maman Francine na wanawake wenye kuimba, ng'ombe mbele, mbuzi nyuma. Tulikuwa tumepanga viti, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ipo, padri alituma baraka. Msemaji wetu alisema vizuri, msemaji wao akajibu vizuri. Walitoa kitenge cha mama, wax ya kweli, Martine akakipokea na kukiweka mapajani. Nilitaja, huyu ni binti yangu, mama yake alitutoka akimzaa, Mungu amlaze. Nilipita haraka. Wote wakasema amina.

Halafu Georgette akaingia chumbani kumtoa. Akakawia. Nilimsikia ndani anasema, "Apana, mwanangu, apana, utatuua." Mlango ukafunguliwa, Ornella akatoka peke yake, bila kushikwa mkono na mtu.

Ile nguo ya fundi wa Martine, nguo ya lasi nyeupe, alikuwa ameivaa ndani nje. Mishono yote nje, nyuzi zinaning'inia, hata kile kijikaratasi cha saizi kilikuwa kinaonekana shingoni. Akatembea hivyo katikati ya uwanja mbele ya watu wa kanisa. Wa Kabare walidhani ni bahati mbaya, msichana kavaa vibaya kwa woga. Lakini walikuwepo wanawake wa soko la Kadutu upande wa wakwe, na wao nikawaona wanashikana mikono. Mmoja akapiga vigelegele. Vigelegele, Nsimire, katika mahali pa aibu!

Msemaji akamuuliza kama inavyotakiwa, "Ornella, hii mali tuipokee?" Akauliza mara ya pili. Yeye akaenda hadi kwa Martine, akapiga magoti kwa adabu, nasema kweli kwa adabu, akakichukua kitenge kutoka mapajani mwake, akakikumbatia. Akasema: "Hii iko ya mama yangu. Mama hakufa akinizaa, alikufa ku benchi, na mi nilikuwa na miaka ine. Mali mutaipokea siku shangazi yangu itafika. Kabla ya pale sina jibu." Akarudi ndani akafunga mlango, na mimi hadi leo hanifungulii.

Umefurahi? Umemlisha sumu miaka ishirini ili aje kuitapika siku moja mezani kwangu. Nilikuandikia usimwambie, ukamwambia. Martine amekwenda kukaa kwa dada yake na hajanipikia tangu siku hiyo.

Mimi nilidhani Papa Jacques atachukua ng'ombe wake na kuondoka. Nilishasimama ili nimwombe radhi. Ni mkewe, yule Maman Francine, aliyesema, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama yake kufa vibaya, hiyo haiko kosa ya mutoto. Ila mutu alitudanganya hapa, na haiko huyu mutoto. Na hii mbuzi iko ya shangazi. Shangazi ya kuazima hatumujui." Wakaacha ng'ombe, wakaacha mbuzi imefungwa hapa kwenye mti wa parachichi, wakasema watarudi Jumamosi ya tarehe tatu Agosti, na kwamba wakikuta mambo hayajanyooka ng'ombe anarudi Kabare na habari nzima nyuma yake.

Mbuzi ile ni kelele tupu, inalia tangu alfajiri. Georgette anasema si yake, hawezi kuigusa. Mimi siwezi kuiuza, wala kuichinja, wala kuirudisha. Wapita njia wanauliza, hii mbuzi ya nani?

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu jinsi mambo yalivyo. Barua hii anakuletea Georgette, anakuja kuuza kabichi Kadutu.

Philémon

* * *

Cimpunda, tarehe 25 Julai 2024

Yaya Philémon,

Mimi nakusalimu, kwa sababu mimi nimelelewa. Georgette ameketi jikoni kwangu anakunywa chai, amelia, ameniomba msamaha, nimemwambia hakuna kitu, mtu akiitwa na kaka yake anakwenda. Kabichi zake tumezinunua zote.

Mimi sikumwambia Ornella kuhusu sherehe yako, wala kuhusu nguo. Hiyo tarehe nilikuwa sijui, wewe mwenyewe ulihakikisha. Aliondoka hapa na Georgette asubuhi, begi mkononi, akaniambia tu, "Shangazi, nirudishie viatu vya zamani, hivi vinanibana." Yaliyobaki aliyatoa kichwani mwake. Ukitaka kujua sumu ilitoka wapi, ilitoka mgongoni kwangu, alikokuwa amefungwa akitazama.

Niliposoma alivyosimama katikati ya uwanja nililia, sitakuficha. Halafu nikacheka kwa ajili ya mbuzi. Halafu nikakasirika upya, na hasira hiyo bado ninayo.

Nitakuja. Sitakuja peke yangu. Sisi sote tuliobaki katika wale waliobeba sanduku tutakuja, na wa Tuko Batu watakaopata nafasi, tutavaa mishono nje, na utatuwekea viti mbele, siyo nyuma ya ghala. Nitamshika mtoto mkono na kumtoa. Na wewe, kabla sijamtoa, utasimama mbele ya Papa Jacques na kutaja mama yake kama watu wanavyotajwa: jina lake, na binti wa nani. Usipite haraka. Sikuombi ulie wala utubu, machozi yako sina pa kuyaweka. Nataka jina lisikike katika uwanja wa baba, kwa sauti yako wewe, mara moja. Ukishindwa, nageuka na wanawake wangu, na mbuzi ubaki nayo.

Nsimire

* * *

Nyantende, tarehe 29 Julai 2024

Nsimire,

Njooni. Viti vitakuwepo. Nimemwambia msemaji kwamba nitataja mwenyewe.

Jana nilijaribu kusema peke yangu, nyuma ya nyumba. Mapendo nimelisema. Baada ya hapo nimekwama. Binti wa nani? Baba yake alikuwa mzee mfupi wa kule Walungu, alikuwa na kofia, aliwahi kunipa kiti. Jina lake limenitoka kabisa. Nimelitafuta usiku mzima. Niandikie.

Philémon

* * *

Cimpunda, tarehe 31 Julai 2024

Yaya,

Sikuandikii. Liko hapo hapo nyumbani, katika chumba ulichofungiwa mlango.

Kila tarehe mbili Novemba tunakwenda makaburini kung'oa majani na kupaka chokaa msalaba wa Mapendo. Jina lake na la baba yake tuliyachora sisi kwa msumari wa moto. Ornella alijifunzia kusoma pale, kabla hajaenda shule, alikuwa anafuata herufi kwa kidole. Nenda ukabishe mlango, umuulize binti yako.

Tutafika Jumamosi asubuhi. Hiyo mbuzi ipe majani.

Nsimire